Mabawa Marefu Yanaposhuka Goma

Tarehe 5 Mei 2014 mashua moja ilipinduka katika Ziwa Kivu. Watu walikuwa wakihangaika majini. Juu yao, mbali sana, ilikuwa ikipita eropleni ndogo isiyo na mtu ndani yake. Jicho lake lilikuwa kamera. Picha zikafika Goma papo hapo, msaada ukapelekwa mbio, na watu zaidi ya kumi wakatolewa ziwani wakiwa hai.

Eropleni za namna hiyo zilianza kazi Goma tarehe 3 Desemba 2013. Zilikuwa za askari wa Umoja wa Mataifa, nao walikuwa hawajapata kutumia chombo kama hicho katika kulinda amani mahali po pote. Zilitengenezwa Italia, na jina lake lilikuwa Falco, maana yake kipanga. Watu wengi waliziita droni. Kazi yake ilikuwa kutazama barabara, misitu na mipaka ya nchi.

Mwili wa Falco una urefu wa mita 5 hivi, lakini mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha, yana mita 7 hivi. Kwa sababu gani mabawa yanaupita mwili? Mtazame tai akizunguka juu ya ziwa. Mabawa yake ni marefu, naye hukaa angani muda mrefu bila kuyapiga. Kisha mtazame kanga. Mabawa yake ni mafupi. Huruka kwa kelele nyingi, na mara amekwisha kutua. Eropleni inayotakiwa kukaa juu saa nyingi kwa mafuta kidogo hupewa mabawa ya tai.

Basi, kuruka ni rahisi kwake. Taabu iko katika kushuka.

Chukua karatasi moja, ilaze juu ya viganja, kisha iachie karibu na sakafu laini. Mara nyingi haitaanguka pale pale. Itateleza juu ya sakafu, kana kwamba haitaki kuigusa. Eropleni yenye mabawa marefu hufanya vivyo hivyo. Bawa hubeba eropleni kwa kuisukuma hewa iende chini. Linapokaribia ardhi, hewa ile haina nafasi ya kushuka, na bawa hubebwa kwa urahisi kuliko kule juu. Rubani amekwisha kupunguza moto wa mashine, anangoja magurudumu yaguse, lakini eropleni inaelea tu, mita mia, mita mia mbili, na kiwanja kinakwisha mbele yake. Tai angekunja mabawa. Eropleni haiwezi, kwa hiyo nyingine zimetiwa vibao juu ya mabawa, ambavyo huinuliwa ili kuharibu njia ya hewa na kuifanya eropleni iwe nzito tena.

Hapo Goma shida huzidi, maana mji uko juu, karibu mita 1,500 kuliko bahari. Hewa ya huko ni nyepesi. Ukilinganisha na hewa ya Muanda, pwani ya Kongo, kadiri ya sehemu moja katika saba imepungua. Bawa likipata hewa kidogo, lazima lipite upesi zaidi ili libebe mzigo ule ule. Eropleni inayogusa chini Muanda kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, Goma itahitaji kilomita 107 hivi. Watoto wengine watasema, “Saba tu! Ni kitu gani?” Lakini anayekimbia zaidi huhitaji nafasi kubwa zaidi ya kusimama, na nafasi ndiyo iliyokosekana.

Kiwanja cha Goma kilikuwa na urefu wa mita 3,000. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, lava ikateremka mpaka mjini, ikafunika upande wa kaskazini wa kiwanja, karibu theluthi yake, kisha ikaendelea hadi ziwani. Ilipopoa ikawa jiwe. Miaka mingi eropleni zilitua na kuruka katika sehemu iliyosalia, huku kazi ya kuvunja na kuondoa jiwe lile ikienda polepole. Upande wa kaskazini kuna mlima wa mita 3,470. Upande wa kusini kuna nyumba za watu, na baada ya nyumba ni ziwa. Tarehe 15 Aprili 2008 eropleni ya abiria ilishindwa kuruka, ikaupita mwisho wa kiwanja, ikaangukia mtaa wa Birere. Wengi waliokufa hawakuwa abiria. Walikuwa majumbani na sokoni.

Tena uko upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda mlimani. Rubani ye yote hupenda kutua akiukabili upepo, kwa kuwa humpunguzia mwendo. Lakini anayekuja Goma kutoka upande wa ziwa, ili auepuke mlima, husukumwa na upepo huo mgongoni.

Marubani wa mabawa marefu sana wamepata njia yao. Wamarekani wana eropleni iitwayo U-2, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1955. Hupanda zaidi ya mita 21,000. Ungeweza kupanga milima sita kama Nyiragongo, mmoja juu ya mwingine, nayo ingepita juu. Mabawa yake yana mita 31, na magurudumu yake yamepangwa mbele na nyuma kama ya baiskeli. Rubani amevaa mavazi mazito na kofia kubwa, haoni vizuri chini. Kwa hiyo inapotua, motokaa huifuata mbio kwa nyuma kiwanjani. Ndani yake yumo rubani mwenzake, naye humwambia kwa redio ni futi ngapi zimebaki: kumi, tano, tatu, mbili. Hapo rubani huyanyima mabawa nguvu, na eropleni huanguka kile kidogo kilichobaki. Baadaye, mwendo ukiisha, ncha ya bawa moja hulala chini.

Waliorusha Falco hawakuwa na rafiki wa kuwafuata kwa motokaa. Walikaa chini, mbele ya vioo vyenye picha. Upepo ukiitikisa eropleni, kiti chao hakikutikisika. Mwezi wa Januari 2014, wiki chache tu baada ya kazi kuanza, moja ya droni hizo iliharibika ilipokuwa ikirudi kutua Goma. Nyingine zikaendelea na kazi, na mwezi wa Mei mashua ilipopinduka, kipanga alikuwa juu ya ziwa.

Maswali

1. Kwa nini karatasi huteleza kabla ya kugusa sakafu?
2. Eropleni ileile hutua upesi zaidi wapi, Muanda au Goma? Eleza sababu.
3. Chora kiwanja cha Goma, ziwa, mlima na mtaa wa Birere. Onyesha kwa mshale upepo wa mchana.