Aliyetubia Ulevi na Kazi ya Urubani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Katika darsa yetu liliulizwa suali la kijana wa mji wetu aliyeko Marekani. Kijana huyo zamani alishikwa na polisi akiendesha gari hali amelewa, akahukumiwa, akanyang'anywa leseni kwa muda. Kisha Mwenyezi Mungu akamuongoza, akauacha ulevi na akawaacha wale aliokuwa akinywa nao. Sasa anataka kusomea urubani. Jamaa zake wamegawanyika makundi mawili. Wa kwanza wamwambia: "Wacha tamaa, mtu kama wewe hapewi roho za watu." Wa pili wamwambia: "Mwenyezi Mungu amekwisha kukusitiri, ukiulizwa, kataa."

Sisi twaona kuwa makundi yote mawili yamekosea. La kwanza limefunga mlango ambao Mwenyezi Mungu ameuacha wazi, na la pili lataka kumwingiza mtu kwa dirishani. Tutaeleza kwanza sheria ya huko ilivyo, kisha tutazame dini yetu yasemaje.

SHERIA YA MAREKANI

Huko Marekani mambo ya urukaji husimamiwa na idara ya serikali iitwayo FAA. Sheria yao yamkataza rubani kuendesha ndege kabla ya kupita saa 8 tangu alipokunywa mara ya mwisho, au ikiwa kilevi katika damu yake kimefika asilimia 0.04. Hicho ni nusu ya kiwango kinachomtia hatiani dereva wa gari katika sehemu kubwa ya nchi hiyo.

Ama mwenye kosa la zamani la kuendesha gari amelewa, sheria haisemi kuwa hatakuwa rubani milele. Anayeomba cheti cha afya cha urubani huulizwa katika fomu kama aliwahi kushikwa au kuhukumiwa kwa kosa la namna hiyo, naye yampasa ajibu kweli. Aliye rubani tayari hulazimika kuiarifu idara hiyo kwa maandishi katika muda wa siku 60 tangu alipohukumiwa au aliponyang'anywa leseni ya gari. Makosa mawili katika muda wa miaka 3 yatosha kumnyima leseni ya urubani mpaka mwaka mzima. Na ikiwa siku aliposhikwa kilevi kilifika asilimia 0.15, au alikataa kupimwa, hutakiwa achunguzwe na wataalamu kama ana maradhi ya ulevi.

Lakini aliyeandika uwongo katika fomu, huyo hunyang'anywa vyeti vyake vyote, na aweza kushtakiwa kwa kuidanganya serikali. Wala asidhani kuwa hatajulikana, kwani tangu 1996 sheria huyataka mashirika ya ndege yatazame daftari la madereva la nchi nzima kabla ya kumwajiri rubani.

Basi zingatia, ndugu msomaji: kosa lina dawa yake, na uwongo juu ya kosa ndio usiokuwa na dawa.

KISA CHA RUBANI PROUSE

Tarehe 8 Machi 1990 ndege ya abiria ya shirika la Northwest iliruka kutoka mji wa Fargo kwenda Minneapolis. Nahodha wake, Lyle Prouse, na wenzake wawili katika chumba cha marubani walikuwa wamekunywa usiku uliotangulia. Ndege ilifika salama, lakini marubani wote watatu walikamatwa. Damu ya Prouse ilipopimwa, kilevi kilionekana kuwa zaidi ya mara tatu ya kiwango cha sheria. Alifukuzwa kazi, akanyang'anywa leseni zake zote, akahukumiwa kifungo cha miezi 16.

Kosa lake lilikuwa kubwa mno kuliko la kijana wetu, kwani yeye alibeba roho za watu angani. Hata hivyo, Prouse aliukubali ugonjwa wake na akauacha ulevi. Alipotoka kifungoni alianza tena kama mwanafunzi, akizitafuta leseni zake moja baada ya moja. Katika 1993 shirika lile lile lilimrudisha kazini, na alipostaafu katika 1998 alikuwa nahodha wa Boeing 747. Katika Januari 2001 Rais Clinton alimpa msamaha wa serikali.

Hatumtaji Prouse kwa itikadi yake. Twamtaja kwa kuwa mambo yake yote yalikuwa hadharani, asiweze kuficha hata moja, na juu ya hivyo alirudi. Ikiwa wanadamu, kwa sheria zao walizojitungia, wameweza kumfungulia mwenzao, vipi sisi tulio na dini ya rehema tumfungie ndugu yetu?

JAWABU KWA KUNDI LA KWANZA

Hapana mzozo kuwa ulevi ni haramu. Aya ya 90 ya Suratul Maida imekwisha kukata maneno. Lakini Mwenyezi Mungu huyo huyo, katika aya ya 53 ya Suratuz Zumar, amewakataza waja wake waliojidhulumu wasikate tamaa na rehema yake. Wanavyuoni wameyataja masharti ya toba: kuacha maasi, kujuta, na kuazimia kutorudia. Na ikiwa dhambi inahusu haki ya mwanadamu, lipo sharti la nne: kumrudishia haki yake. Aliyeyatimiza haya hatuna ruhusa ya kumwita mlevi.

Na hapa yatupasa tujilaumu wenyewe. Katika miji yetu mtu huacha ulevi miaka 20, akawa wa safu ya kwanza msikitini, na bado barazani hutajwa kwa jina la ulevi wake, na binti yake akichumbiwa watu hunong'ona. Tabia hii huwarudisha vijana walikotoka, kwani aonaye kuwa toba haikumfaa kitu mbele za watu, shetani humwambia: "Basi rudi."

JAWABU KWA KUNDI LA PILI

Hawa hutoa hoja iliyo na sura ya haki. Husema: Mtume (s.a.w.) amewalaumu wanaoyatangaza madhambi yao baada ya Mwenyezi Mungu kuyasitiri, basi kwa nini kijana ajifichue?

Twajibu: Mafundisho hayo ni ya kweli, lakini yamewekwa mahali pasipokuwa pake. Kutangaza ni kitu kimoja, na kujibu mbele ya mwenye haki ya kuuliza ni kitu kingine. Hatumwambii kijana asimame sokoni alieleze kosa lake, wala aandike barua kwa kila jirani. Lakini anayempa mtu ndege iliyojaa watu ana haki ya kujua hali yake. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono katika chungu ya nafaka sokoni akaona ndani yake imerowa, alimkemea muuzaji kwa kuificha, akawatenga wadanganyifu na umati wake. Ikiwa ni haramu kuficha umande wa nafaka, itakuwaje katika roho za watu? Nahodha ajuaye kuwa ubao wa jahazi lake umeoza, kisha akapakia abiria na kunyamaza, hana sitara ya kudai.

Na kisa cha Kaab bin Malik (r.a.) chatosha kuwa hoja. Alibaki nyuma katika safari ya Tabuk bila ya udhuru. Wengi wengine waliobaki walikuja na visingizio, vikapokelewa kwa dhahiri yake. Kaab alisema kweli, na kwa kweli hiyo yeye na wenzake wawili walihamwa na watu siku 50, hata ardhi ikawa dhiki kwao. Kisha toba yao ikateremshwa katika Suratut Tawba. Tazama: kweli ilimtia Kaab katika dhiki ya siku 50, na uwongo uliwatia wenzake katika aibu ya milele.

KUJARIBIWA SI KUDHULUMIWA

Huenda kijana akasema: "Mimi nimekwisha kutubia, kwa nini wanichunguze?" Twamjibu: Toba yako Mwenyezi Mungu aijua papo hapo, lakini wanadamu hawaoni yaliyo moyoni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, aliyekuwa fasiki akatubia hapokelewi ushahidi wake mpaka apitiwe na muda wa kujaribiwa, na wengi wa wanavyuoni wameukadiria kuwa mwaka mmoja, kama alivyotaja Imam Nawawi katika Minhaj. Hata fedha kidogo za mdai haziamuliwi kwa ushahidi wake mpaka hali yake ionekane. Basi asione dhiki kijana akitakiwa kuleta hati za mahakama, na maelezo ya daktari, na kungoja.

Na ajihadhari na wale watakaomwambia aandikiwe kombe au avae hirizi ili fomu yake ipite. Wino wa kombe haufuti daftari la polisi. Kinachomfaa ni sala, subira, na kweli.

MUHTASARI

Kwanza, kosa lililotubiwa halifungi mlango wa kazi ya halali. Pili, sitara si ruhusa ya kumdanganya mwenye haki ya kuuliza. Tatu, mwenye kutubia akubali kujaribiwa, na sisi tukubali kusahau. Na hukumu hii si ya rubani peke yake: ni ya dereva wa matatu, na nahodha wa mashua, na kila aliyebeba amana ya watu.

MASWALI YA KUDURUSU

1. Yataje masharti ya toba, na ueleze lini sharti la nne huwa lazima.
2. Ni ipi tafauti ya kutangaza dhambi na kujibu ulipoulizwa?
3. Je, yuko mtu mtaani kwako aliyetubia na wewe bado wamtaja kwa dhambi yake? Umemfanyia nini?

Twamuomba Mwenyezi Mungu azikubali toba zetu, azithibitishe nyoyo za vijana wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wasemao kweli. Amin.