Lenzi Imepinda Mdomo? Usiitupe Bado

Desemba nilikuwa likizo nyumbani Nyarero, kule Tarime. Nikaazima kamera ya kaka jirani yetu, mpiga picha wa harusi na mahafali. Ikaniponyoka, ikaangukia mdomo. Kioo kilipona, ila ukingo wa mbele ulibonyea na filta ikakataa kuingia. Kaka hakufoka. Alisema tu, "Mdogo wangu, hiyo ndiyo shamba langu." Nimlipe lenzi nyingine kwa bumu hili? Thubutu! Fundi saa mmoja mjini akanionyesha njia, nami nawapa wenzangu.

Kwanza tuelewe kitu chenyewe. Nyuzi za mdomo wa lenzi ni kama za bolti. Kwa lenzi nyingi za kawaida, zenye mdomo wa milimita 49, 52, 58 au 67, umbali wa uzi mmoja hadi wa pili ni milimita 0.75. Maana yake, ukizungusha filta duara zima inaingia milimita 0.75 tu. Ndiyo maana kibonyeo kidogo kinaikwamisha. Lakini nyuzi hizo kazi yake ni kushika filta, hazitengenezi picha. Piga picha za majaribio. Zikionekana vizuri pande zote, ugonjwa uko mdomoni tu.

Sasa tufanye kazi:

1. Kama filta imenasa, usiiminye. Ukiiminya inakuwa kama yai, inanasa zaidi. Vaa glovu ya mpira, ishike kote kwa usawa, izungushe kinyume cha saa.

2. Funika kioo kwa karatasi laini na uinamishe lenzi, ili chembe za chuma zidondoke nje.

3. Chonga kipande cha mbao ngumu kifuate mviringo wa ukingo. Kiweke kwa ndani penye kibonyeo, sukuma kwenda nje kidogo kidogo. Plaizi tupu inakula nyuzi. Alumini ukiipinda huku na huku inakatika. Kama ukingo ni wa plastiki, acha, utaupasua.

4. Paka nyuzi penseli, siyo mafuta, maana mafuta hutambaa hadi kwenye kioo. Kisha jaribu kwa pete ya filta kuukuu isiyo na kioo. Izungushe nyuma kwanza mpaka usikie "tik". Hapo nyuzi zimekutana, ndipo uende mbele. Ikigoma, rudi nyuma tena. Ukilazimisha, unachonga nyuzi mpya juu ya zile za zamani, na hapo umeiua kweli.

Ilinichukua mchana mzima. Alama ya kibonyeo ipo hadi leo, ila filta inaingia, na Jumamosi ile kaka alipiga harusi yake kama kawaida.

Ile pete kuukuu alinipa. Nikienda mazoezi ya kufundisha, somo la skrubu kama mashine rahisi sitalianzia ubaoni. Nitaipitisha pete dawati kwa dawati, kila mwanafunzi airudishe nyuma mpaka aisikie mwenyewe.