Jinsi Sumu ya Mafuta Inavyohamia Majini

Maji na mafuta hayachangamani. Hilo hulijua kila apikaye. Hata hivyo, petroli na oili chafu ni michanganyiko ya kemikali nyingi, na baadhi ya kemikali hizo huyaacha mafuta polepole na kuingia majini. Katika Jiji la Arusha, ambako chemchemi za miteremko ya Mlima Meru huwapatia watu maji, na mito ya Themi, Naura na Ngarenaro hupita kati ya makazi, jambo hili lahusu afya ya kila kaya.

Kiasi kinachohama hutegemea mambo mawili: wepesi wa kemikali kuyeyuka majini, na sehemu yake ndani ya mafuta. Benzini ikiwa peke yake huyeyuka takriban miligramu 1,800 katika lita moja ya maji. Iwapo molekuli moja katika kila 100 za petroli ni ya benzini, maji yaliyogusana nayo kwa muda wa kutosha hupata takriban asilimia 1 ya kiasi hicho, yaani miligramu 18 kwa lita. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01. Maji hayo, hata yakionekana maangavu, yamezidi kikomo mara 1,800.

Benzini hudhuru uboho. Ikiingia mwilini kwa muda mrefu yaweza kuleta upungufu wa damu na saratani ya damu. Kwa hiyo mhudumu wa afya akutanapo na upungufu wa damu usio na sababu bayana, amwulize mgonjwa kazi yake na mahali atekapo maji.

Klorini huua vijidudu, lakini haiondoi benzini. Kuchemsha huigeuza kuwa mvuke, ambao mpishi huuvuta. Chujio la mkaa wa mifupa, litumikalo Arusha kupunguza floraidi, halikukusudiwa kwa kazi hii. Maji yanukayo mafuta yasinywewe, na mamlaka ya maji ipewe taarifa. Lakini kukosa harufu si ithibati ya usalama.

Kinga ya kweli huanzia kwenye chanzo. Oili chafu ya gereji ihifadhiwe katika pipa lenye mfuniko, isimwagwe mtaroni wala ardhini. Dumu lililobeba petroli lisitekewe maji kamwe, hata likioshwa kwa sabuni, kwa maana plastiki hunywa mafuta na kuyarudisha majini kidogo kidogo.