Kwa Reli ya Kati hadi Ujiji

Anzia Bagamoyo, ingawa huko hakuna treni. Pita Caravanserai, walikotua mizigo wapagazi waliotembea miezi kutoka bara, kisha panda basi urudi Dar es Salaam. Mwaka 1905 Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kwenda bara waliianzia Dar, ikafuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara. Bagamoyo ikabaki na magofu yake.

Dar hadi Dodoma chukua treni ya umeme ya SGR, iliyoanza 2024. Ni mwendo wa saa tatu hadi nne. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo beba kitambulisho, na wahi. Kiyoyozi kipo, ila hutanunua muwa dirishani.

Kuelekea Tabora rudi kwenye reli ya zamani. Ulizia ratiba stesheni siku chache kabla: treni haziondoki kila siku, na mafuriko ya Mto Mkondoa, kule Kilosa, yamewahi kusomba tuta. Kata tiketi ya behewa la kulala. Daraja la tatu ni la wenye mgongo imara.

Tabora usipite tu. Reli ilifika 1912, na tangu 1928 abiria wa Mwanza na wa Kigoma huachana hapa. Nenda Kwihara, nje kidogo ya mji, ukaone tembe alilokaa Livingstone. Njiani angalia miembe mikongwe. Mingi ilioteshwa na watu wa misafara. Nunua asali, ila ukaze kifuniko. Yangu ilimwagika begini, nikafika Kigoma nanukia nta.

Kigoma ndiko reli ilikokoma, 1914. Meli ya Liemba, wakati huo Graf von Götzen, ililetwa vipande vipande kwa reli hii, ikaundwa hapa na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe. Waingereza wakaiibua 1924.

Lakini mji wa misafara ulikuwa Ujiji, kilomita chache kusini. Reli ilitaka bandari yenye kina, na ghuba ya Kigoma ilikuwa nacho. Panda daladala uende. Kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na Stanley waliokutana 1871 utaonyeshwa miembe, na maelezo yatakuwa marefu. Wengi hugeuzia hapo. Wewe shuka hadi ufukweni, mafundi wanakounda mitumbwi ya mbao.