Unauza dawa ya kuchua na mikanda ya mgongo? Soma hii kabla hujamjibu mteja

Somo la leo ni la sisi tunaouza mtandaoni vitu vya maumivu ya mwili: dawa ya kuchua, mipira ya kuchulia, mashine za masaji, mifuko ya maji moto, mikanda ya mgongo.

Mimi niko Kahama. Wateja wangu wengi wako ukanda wa dhahabu: Kakola, Nyarugusu, Katoro, Geita mjini. Kuna anayeshinda duarani ameinama. Kuna anayebeba viroba vya mawe hadi kwenye karasha. Kuna mama anayegonga mawe kwa nyundo kutwa nzima, na bodaboda anayerushwa na makorongo ya barabarani. Soko lipo. Shida iko kwenye kile tunachowaambia.

Wengi tunaandika "inatibu mgongo moja kwa moja". Mteja anachua siku mbili, anapata nafuu, anarudi kubeba viroba, maumivu yanarudi. Anakuita tapeli. Kumbe dawa ya kuchua ilifanya kazi yake, ila ulimpa ahadi ambayo siyo yake.

Tuelewane hapa. Kuchua na joto vinalegeza misuli iliyokaza na kutuliza maumivu kwa muda. Mazoezi ndiyo yanaipa misuli nguvu ya kubeba mzigo. Mtaalamu wa fiziotherapia, yule watu wanamwita daktari wa mazoezi, ndiye anayepima chanzo na kuchagua mazoezi yanayokufaa. Vikienda pamoja, mtu anapona vizuri zaidi. Masaji peke yake inamrudisha kazini na tatizo lilelile.

Siyo maneno yangu tu. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo wa maumivu ya mgongo wa chini ya muda mrefu, yaani yaliyozidi miezi 3. Elimu kwa mgonjwa, mazoezi na masaji vimo kwenye yanayoshauriwa. Mkanda wa mgongo je? Umewekwa kwenye yale yasiyoshauriwa kama tiba ya kawaida. Kwa hiyo mkanda mimi namuuzia aliyeelekezwa na mtaalamu wake. Wengine nawaelekeza kwenye bendi za mazoezi.

Sasa tufanyeje?

1. ULIZA KABLA HUJATAJA BEI
Meseji yangu iko hivi: "Pole sana kaka. Maumivu yalianza lini? Ulianguka au kuangukiwa na kitu, au yalikuja taratibu? Yanashuka mguuni? Una ganzi? Mkojo na haja kubwa unavibana kama kawaida?" Nakili, tumia. Ni dakika mbili tu, na mteja anaona unamjali.

2. JUA WA KUMPELEKA HOSPITALI
Usimuuzie kitu, mwambie aende hospitali, ukisikia haya:
- Mguu umeisha nguvu, ganzi katikati ya mapaja, au mkojo na haja vimegoma au havizuiliki. Huyu aende leo leo.
- Maumivu yameanza baada ya kuanguka shimoni au kuangukiwa na mwamba. Asichuliwe, asiinuliwe ovyo.
- Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye kigimbi. Inaweza kuwa damu iliyoganda, na kuukanda kunaweza kuisukuma hadi kwenye mapafu.
- Mgongo pamoja na kikohozi cha muda mrefu, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Vumbi la mwamba linaongeza hatari ya kifua kikuu, na TB inaweza kukaa kwenye uti wa mgongo. Hakuna mafuta yanayoifikia. Vipimo na dawa zake ni bure vituo vya serikali.

Fikiria mtu wa TB unayemuuzia chupa ya tatu, ya nne. Wewe unahesabu faida, uti wake unaliwa. Mchimbaji mgongo ndio mtaji wake.

3. UZA MPANGO, SIYO CHUPA
Kwa mgongo uliokaza usio na dalili hizo, namwandikia: mfuko wa maji moto dakika 15 hadi 20, uwe wa vuguvugu usiunguze, kisha kuchua taratibu, kisha mazoezi aliyopewa wakati misuli imelegea. Atembee kila siku, asilale kitandani wiki nzima. Kama kifundo kimeteguka leo, siku 2 au 3 za mwanzo ni baridi, kufunga bendeji na kuinua mguu, siyo kuchua kwa nguvu.

Anayetaka kupiga chuku, mwambie wembe uwe mpya.

4. TAFUTA DAKTARI WA MAZOEZI ALIYE KARIBU
Ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa wako siku za kliniki ya fiziotherapia. Kwa kanda yetu, Bugando kule Mwanza wana huduma hiyo. Weka maelezo kwenye simu yako, umtumie kila mteja ambaye wiki zinapita hapati nafuu.

5. USIVUKE MIPAKA
Vidonge vya maumivu tuwaachie famasi na maduka ya dawa muhimu. Vikitumika muda mrefu bila usimamizi vinaumiza tumbo na figo. Dawa ya kupaka iwe imesajiliwa TMDA. Ya asili, Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Isiyo na usajili, usiiposti.

Kazi ya leo: fungua tangazo lako, futa "inatibu", andika "inasaidia kulegeza misuli, itumike pamoja na mazoezi". Unaogopa mauzo yatashuka? Kwangu aliyeambiwa ukweli ndiye anayerudi kuchukua bendi na mfuko wa maji moto, halafu anawaleta wenzake wa duara zima.

Una swali? Liweke hapo chini. Mtumie na mwenzako anayeuza mikanda.