Kibodi inayorudi ilikotoka kila ukiwasha kompyuta: tuimalize leo

Somo la leo ni la wale mnaotumia kompyuta za mtumba zenye Linux. Fundi akikuuzia mashine ya zamani, mara nyingi anakuwekea Linux Mint au Xubuntu kwa sababu ni za bure na haziielemei kompyuta. Hapo hamna shida kabisa, mimi mwenyewe nauza viatu vya watoto mtandaoni na kazi zangu zote ziko kwenye Mint. Kinachosumbua watu ni kibodi.

Mashine hizi nyingi zinatoka Ulaya. Ya Ujerumani, herufi Z iko pale juu tulipozoea Y, na Y iko chini kushoto. Sasa Kiswahili chetu kimejaa hizo herufi mbili. Vidole vyako vimezoea kibodi ya Kimarekani, mashine imepangwa Kijerumani, unaandika "bei ya viatu vya Zanzibar", inatoka "bei za viatu vza Yanyibar". Mteja akisoma hivyo anadhani anaongea na tapeli. Ya Uingereza ina nafuu, herufi hazijahama, ila ukibonyeza Shift na 2 unapata alama ya nukuu badala ya @, na @ yenyewe imehamia karibu na Enter.

Unaingia kwenye mipangilio, unachagua English (US), mambo yanakaa sawa. Kesho asubuhi unawasha, imerudi kule kule. Au mbaya zaidi: inakataa neno la siri.

Hapo ndipo pa kuelewa, maana ukipaelewa hapo mengine ni mepesi. Linux ina sehemu mbili zinazopanga kibodi. Moja inafanya kazi KABLA hujaweka neno la siri, ni ya mashine nzima. Nyingine inafanya kazi BAADA ya kuingia, ni ya akaunti yako tu. Chukulia mlinzi wa getini na muuzaji wa ndani ya duka. Ukimwelekeza muuzaji peke yake, mlinzi hajasikia chochote.

Kwa hiyo kama neno lako la siri lina Y, Z au alama kama @, na mlinzi bado yuko Kijerumani, atakukatalia hata kama umeandika sahihi. Na wewe huoni, kwa sababu pale kwenye skrini ni vidoti tu. Kuna watu wakifika hapo wanampelekea fundi, fundi anasema dawa ni kufuta mashine yote na kuweka upya. Zimeondoka picha za bidhaa, orodha ya wanaodaiwa, oda za miezi. Kabla hujakubali kufutiwa, jaribu kwanza kubonyeza Z pale ulipozoea kubonyeza Y, na Y pale penye Z. Kama neno la siri lina @, jaribu AltGr na Q, ndipo @ ilipo kwenye mpangilio wa Kijerumani. Ikifunguka, mashine yako haina ugonjwa wowote.

Haya, twende kazi. Fungua terminali, andika:

setxkbmap -query

Angalia mstari wa layout. Ukiona de ni Kijerumani, gb ni Kiingereza cha Uingereza, us ni cha Marekani. Kubadilisha hapo hapo:

setxkbmap us

Jaribu kuandika. Imekaa sawa? Vizuri, ila hii ni ya muda tu. Ukizima mashine imepotea.

Tumweleze mlinzi sasa. Kwenye Mint, Ubuntu, Xubuntu na Debian, maelekezo yake yako kwenye faili moja dogo. Lifungue hivi:

sudo nano /etc/default/keyboard

Itakuomba neno la siri, na unapoandika huenda usione hata vidoti. Usishtuke, wewe andika tu kisha Enter. Tafuta mstari unaoanza na XKBLAYOUT, uache usomeke hivi:

XKBLAYOUT="us"

Chini yake kuna mstari wa XKBVARIANT. Kama una kitu ndani ya alama za nukuu, kifute, zibaki nukuu tupu. Kuhifadhi bonyeza Ctrl na O, kisha Enter, kisha Ctrl na X kutoka. Mengine yote yaliyomo humo usiyaguse. Washa mashine upya, mlinzi ameshaelewa.

Kuna ambao stika za herufi hawazitaki, wanataka mashine ifuate kilichochapwa kwenye vitufe. Sawa, basi weka de badala ya us kote. Mimi nashauri us na stika, kwa sababu ukienda stationery au ukiazima kompyuta ya mwenzako utakuta us, vidole havichanganyikiwi.

Tuje kwa muuzaji wa ndani. Huyu ndiye mwenye vitu vya kukusaidia kwenye biashara, hasa kitufe cha Num Lock kwa wenye kibodi ya namba pembeni. Mashine nyingi zikiwaka Num Lock inakuwa imezimwa, na hapo zile namba si namba tena, ni vishale. Dada anayenisaidia dukani alipata hilo. Alikuwa anaingiza bei kwenye LibreOffice Calc, sandali 18,000. Akabonyeza 1, ambayo Num Lock ikiwa imezimwa ni End, inapeleka kwenye safu ya mwisho. Safu ya mwisho ndiyo ya bei, kwa hiyo alibaki pale pale. Akabonyeza 8, ambayo ni mshale wa juu, kisanduku kikapanda mstari mmoja. Akaona namba hazitokei, akaandika 18000 kwa namba za juu ya herufi. Bei ya sandali ikakaa juu ya bei ya viatu vya shule vilivyokuwa 28,000. Orodha ikaenda WhatsApp, wateja watatu wakalipa 18,000 kabla hatujashtuka. Tuliwatumia viatu vyao, bei ilishatajwa. Elfu thelathini imekwenda hivyo, kwa kitufe kimoja.

Weka kwanza programu ndogo ya kuwasha Num Lock:

sudo apt install numlockx

Halafu fungua menyu, tafuta Startup Applications. Kwenye Xubuntu iko ndani ya Session and Startup. Hapo ndipo unapoiambia kompyuta "nikishaingia tu, fanya hivi". Ongeza kipya, kipe jina lolote, mimi nimekiita Kibodi. Kwenye sehemu ya Command weka huu mstari mzima kama ulivyo:

sh -c "sleep 5; setxkbmap us; xset r rate 400 25; numlockx on"

Ile sleep 5 msiiondoe. Ukiingia tu, Linux yenyewe inakuwa bado inapanga mambo yake, kibodi ikiwemo. Amri yako ikiwahi sana, inafanya kazi, halafu Linux inakuja kuifuta juu yake. Wengi wanasema "nimeweka startup lakini haikubali", na kumbe tatizo ni hilo tu. Zile sekunde tano zinaiacha imalize kwanza. Mashine yako ikiwa nzito zaidi weka 10.

Ile xset inapanga herufi ianze kujirudia baada ya muda gani ukiishikilia, na kwa kasi gani. Kwa kibodi za mtumba zenye vitufe vizito inasaidia usitume "beiiiii" kwa mteja. 400 ni milisekunde za kusubiri, 25 ni herufi kwa sekunde. Ukiona bado zinajirudia, panda hadi 600.

Je, kama kuna kitufe kimekufa kabisa? Mfano A haiandiki, na hela ya kibodi mpya bado. Unaweza kuikodisha F9 ifanye kazi ya A:

xmodmap -e "keycode 75 = a A"

Hii ukitaka ikae, iongeze kwenye startup yako, lakini iwe BAADA ya setxkbmap, maana setxkbmap ikipita inafuta kila alichofanya xmodmap. Na kwa kuwa ina alama zake za nukuu ndani, usiisukumie kwenye mstari ule ule. Tengeneza kipya cha pili na sleep 8:

sh -c 'sleep 8; xmodmap -e "keycode 75 = a A"'

Wenye Ubuntu mpya, kabla ya yote andikeni echo $XDG_SESSION_TYPE. Ikijibu x11, fuateni kama nilivyoeleza. Ikijibu wayland, setxkbmap na xmodmap hazitawasaidia. Nyie nendeni Settings, kisha Keyboard, kwenye Input Sources ongezeni English (US) na muondoe ile nyingine. Ya mlinzi kwenye faili inabaki ile ile.

Na mwenye kibodi ya nje ya USB: ukiichomoa na kuichomeka tena katikati ya kazi, mashine inaiona kama mgeni na inaipa maelekezo ya mlinzi, siyo ya startup. Kama faili la mlinzi lina us, herufi zitakuwa sawa. Kasi ya kujirudia na ile F9 ndizo zinazoweza kupotea, utarudia hizo amri kwenye terminali, au utoke kwenye akaunti na kuingia tena.