Nani Shahidi Wako? Darsa juu ya Wasifu wa Mtu na Namna Unavyosahihishwa

Ndugu zetu wasomaji, tuliwaahidi khabari za safari yetu ya Nairobi, na khasa mazungumzo tuliyoyapata katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Huenda mtu akauliza: mashekhe wa pwani wana shughuli gani na mambo ya intaneti? Jawabu yetu ni kuwa jambo lenyewe ni la zamani kuliko intaneti. Ni jambo la kumsimulia mtu: kusema fulani alizaliwa mahali fulani, akasoma kwa fulani, akafa mwaka fulani. Hayo twayafanya kila siku barazani kwetu, na mara nyingi twayafanya vibaya.

Kibera tulifikia Makina, kwa jamaa zetu Wanubi. Wazee wao walikuwa askari wa Kisudani waliotumikia jeshi la Mwingereza, wakapewa kukaa pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na jina lenyewe, Kibra, kwa lugha yao ni msitu. Wamedai ardhi hiyo miaka mingi, hata mwezi wa Juni 2017 wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Basi baada ya sala ya isha tulikaa barazani, na mzee mmoja akatusimulia siku ya Agosti 2006 alipokuja Kibera Barack Obama, wakati huo akiwa seneta wa Illinois. Watu walijaa njiani, na mzee alimwona kwa macho yake. Kisha akaongeza: "Na huyu, shekhe, ni mtoto wa kwenu. Alizaliwa Mombasa, hospitali kuu. Wazungu wameficha tu."

Wote waliokaa wakaitikia. Nasi, kwa kusema kweli, hatukukanusha. Ni tamu kuambiwa kuwa mji wako ndio uliozaa Rais wa Marekani.

Lakini alikuwapo kijana mmoja aliyekuja kutoka Kawangware kumzuru mzee, ni mjukuu wa nduguye. Akauliza kwa adabu: "Babu, nani alikwambia?" Mzee akakasirika. Akasema jambo hilo lajulikana. Kijana akanyamaza, kisha akatuomba sisi tumfuate Kawangware siku ya pili, akatuonyeshe wanavyofanya wao jambo kama hilo linapobishaniwa.

Twapenda kwanza kueleza kazi yake. Iko kamusi elezo iitwayo Wikipedia, iliyoanzishwa Marekani Januari 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger, na ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Haiandikwi na wataalamu waliopewa mshahara. Huandikwa na watu wa kujitolea, ye yote aliye na simu na subira. Makala fupi isiyokamilika katika ile ya Kiswahili huitwa mbegu, na watu waliopewa funguo za kufunga ukurasa au kuufuta huitwa wakabidhi. Tulipoyasikia majina haya tulifurahi, maana ni Kiswahili safi.

Tulivuka Ngong Road, tukashika Naivasha Road mpaka Kawangware, tukapanda ngazi ya chumba kimoja juu ya duka la kutengeneza simu. Walikuwapo vijana wanne na kompyuta moja. Umeme ulikatika mara mbili tulipokuwa pale, na mara zote mbili walicheka wakaendelea kwa simu zao.

Jambo la kwanza alilotuonyesha ni kuwa kila ukurasa una migongo miwili ambayo msomaji wa haraka haioni. Mmoja ni historia: kila neno lililoongezwa au kufutwa limeandikwa hapo, na saa yake, na aliyelifanya. Wa pili ni majadiliano, ndipo watu wanapobishana. Wasifu wa Obama kwa lugha ya Kiingereza una majadiliano ya makumi ya majuzuu yaliyofungwa na kuwekwa kando, kwani mabishano hayakwisha tangu alipotaka urais. Ukurasa wenyewe umefungwa kwa wageni, hauguswi ila na mtu aliyejiandikisha na kukaa muda. Na juu ya majadiliano wameweka maswali yaliyokwisha jibiwa, ili anayekuja leo asianzishe upya ugomvi wa jana. Kuna mtu aliyeuliza kwa nini huitwa Mwafrika wa Marekani na hali mama yake ni mzungu. Akajibiwa kuwa ndivyo waandikavyo wenye kutegemewa na ndivyo anavyojiita mwenyewe.

Sasa turudi kwa maneno ya mzee wetu. Kijana alitupangia mashahidi wa pande mbili, kama kadhi.

Upande wa Mombasa walikuwako mashahidi wa maandishi, tena si mmoja! Mwaka 1991 wakala wa vitabu vyake huko Marekani alichapa kijitabu cha kutangaza waandishi wake, kikasema amezaliwa Kenya. Mwaka 2004 gazeti moja la Nairobi liliandika kuwa ni mzaliwa wa Kenya. Na Agosti 2009 ilitolewa hadharani hati ya kuzaliwa, ikasemwa ni ya Mombasa.

Upande wa Honolulu ilikuwako hati ya serikali ya Hawaii, ambayo muhtasari wake ulitolewa mwaka 2008 na nakala yake kamili tarehe 27 Aprili 2011, yenye tarehe 4 Agosti 1961. Tena yalikuwako magazeti mawili ya Honolulu ya mwezi ule ule wa Agosti 1961, yaliyochapa tangazo la kuzaliwa mtoto huyo wakati hakuna mtu duniani aliyejua atakuwa nani.

Angalieni tofauti ya mashahidi hawa. Yule wa 1991 alipoulizwa mwaka 2012, mwandishi wake alikiri kuwa lilikuwa kosa lake mwenyewe. Lile gazeti la 2004 liliandika miaka 43 baada ya tukio, kwa mbali. Magazeti ya Honolulu yaliandika mwezi ule ule, mji ule ule, bila ya sababu ya kusema uwongo. Na ile hati ya Mombasa ilifedheheka kwa jambo dogo: ilikuwa na tarehe ya Februari 1964, na juu yake imeandikwa Jamhuri ya Kenya. Jamhuri ilikuja tarehe 12 Disemba 1964! Mghushi hakujua taarikh. Sisi wa pwani tungeweza kumwambia na zaidi, kuwa mwaka 1961 Mombasa yetu ilikuwa bado katika ukanda wa himaya, na bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar yapepea juu ya Ngome.

Tulipoyaona haya tulinyamaza kidogo, kwa sababu njia hii si ngeni kwetu. Hivi ndivyo walivyofanya wanavyuoni wa hadithi na wapokezi. Mtu akisema "nimesikia kwa fulani", walimwuliza: ulikutana naye mwaka gani, mji gani? Kisha wakatazama mwaka aliokufa yule fulani, na mara nyingine wakamkuta amekufa kabla msemaji hajafika mji huo. Tarehe ndiyo iliyomfichua. Twaisomesha elimu hii msikitini asubuhi, na jioni barazani twaitupa, twaamini hospitali kuu.

Liko jambo jingine lililotugusa zaidi. Januari 2007 jarida moja la Marekani lilieneza khabari kuwa Obama alisoma madrasa huko Indonesia alipokuwa mtoto, nao walikusudia kumtia ila. Shirika la CNN likatuma mtu Jakarta, akaikuta ni skuli ya serikali ya watoto wa dini zote. Basi maadui zake walikuwa wakiingia katika ukurasa wake kuandika kuwa yeye ni Mwislamu, ili achukiwe. Na wakati huo huo, kijana alitwambia, wako ndugu zetu waliotaka kuandika maneno yale yale, ili tujivunie! Mtu mwenyewe asema ni Mkristo, na kanisa alilokuwa akisali Chicago lajulikana. Makundi yote mawili yalifutiwa kwa kanuni moja. Twakiri kuwa hili lilituuma. Tulizoea kudhani uwongo hutoka kwa mwenye chuki, na hatukufikiri sana kuwa mapenzi nayo hughushi.

Tuliuliza: je, wakikhitilafiana hupiga kura? Akasema hawahesabu mikono. Huja mtu na sababu na shahidi, mwingine akamjibu, na maneno yakapunguzwa ukali mpaka yakawa maneno ambayo kila upande waweza kuyavumilia. Neno "shujaa" likatoka, likaingia "alichaguliwa mara mbili, 2008 na 2012". Sifa ikaondoka, tendo likabaki. Anayefuta na kurudisha mara nyingi kwa ukaidi huzuiwa kwa muda.

Msidhani kuwa twasifu kila kitu. Kazi hii imewahi kudhuru watu. Mwaka 2005 mtu mmoja, kwa mzaha, aliandika katika wasifu wa mwandishi wa magazeti wa Marekani, John Seigenthaler, kuwa alishukiwa kuhusika na kuuawa kwa Rais Kennedy na ndugu yake. Mzee yule aliwahi kumtumikia huyo Robert Kennedy kwa uaminifu. Uzushi huo ulikaa miezi minne bila ya kuondolewa. Baada ya fedheha hiyo walikaza masharti: Disemba mwaka ule wageni wasiojiandikisha walizuiwa kuanzisha kurasa mpya za Kiingereza, na baadaye ikawekwa kanuni ya watu walio hai, kuwa neno baya lisilo na shahidi huondolewa papo hapo, majadiliano yaje baadaye. Kanuni hii tungependa kuiona imebandikwa katika baraza zetu, na katika makundi ya simu ambako heshima ya mtu huliwa kabla ya chakula cha asubuhi.

Jioni tulirudi Makina. Kijana akamweleza mzee ile tarehe ya Jamhuri, taratibu, bila ya kumshinda mbele ya watu. Mzee akafikiri, akasema: "Basi mimi nilichokiona ni cha 2006. Hayo mengine nilisikia." Tukampenda kwa neno hilo.

Lakini hakuishia hapo. Akasema: "Sawa. Na mwalimu wangu je? Alisomesha watoto wa Kibra tangu sijazaliwa. Mwandikeni yeye humo." Kijana akainama. Walikwisha jaribu. Waliandika kuwa alikuwa bahari ya elimu isiyo na mfano, na mhariri mmoja wasiyemjua, pengine aliye mbali na Afrika, akaifuta sentensi hiyo siku ile ile, kisha akauliza ni kitabu gani au gazeti gani lililomtaja mtu huyu. Hapakuwa na jawabu. Ukurasa ukaondolewa. Vijana walighadhibika, wakasema twadharauliwa kwa kuwa ni watu wa Kibera na Waislamu.

Mzee naye akasema kwa uchungu: "Mimi ni shahidi. Niko hai. Hawaniulizi?"

Hapa tulikaa usiku mrefu. Rai yetu ni kuwa yule mhariri hakudhulumu kwa kuifuta sifa, nasi tungeifuta pia. Lakini kanuni ya kutaka maandishi yaliyochapwa humbana sana yule ambaye watu wake hawakuandika. Mchezaji mpira wa miaka ishirini ana magazeti mia ya kumshuhudia, na mwalimu aliyefungua chuo miaka arubaini hana hata moja. Mzee ajua, wala elimu yake haina pa kuingia mpaka aitoe kifuani na itiwe katika karatasi inayoweza kuulizwa na mtu mwingine. Sisi wa pwani tulisalimika kiasi kwa kuwa Shekhe Abdallah Saleh Farsy alitembea, akauliza, akaandika kitabu chake cha wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichochapwa mwaka 1972. Leo mtu akitaka kuandika juu ya mmoja wao ana pa kushika. Kibera haikupata Farsy wake.

Basi tukamwomba mzee atuonyeshe lililobaki. Akaleta sanduku la bati la mwalimu wake, alilokabidhiwa na jamaa. Ndani mlikuwa na ijaza moja, daftari la majina ya wanafunzi, barua za mwanawe, na msahafu ambao ndani ya jalada lake pameandikwa kwa khati nzuri kuwa mwenyewe alifariki mwezi wa Muharram 1390, yaani Machi 1970. Tulishukuru. Kisha kijana akafungua barua moja, na humo mwanawe amesema babake alikufa mwaka 1969.

Mzee aliuangalia msahafu, akaiangalia barua. Akasema mazishini alikuwapo, na mvua ilikuwa kubwa, lakini mwaka hakuuweka.

Katika toleo lijalo tutachapa yaliyomo sandukuni, kila karatasi na aliyeiandika na anayeihifadhi sasa, na maneno ya mzee tutayaweka kama alivyoyasema, yale aliyoyaona mbali na yale aliyoyasikia. Juu ya mwaka wa kufa tutaziandika tarehe zote mbili. Mwenye karatasi nyingine inayomtaja mwalimu huyo, awe Makina au Kawangware au hapa Mombasa, atuletee tuinakili, kisha tutamrudishia.